Mark X iliyokataa gia ya pili kwenye mteremko wa Salgaa

Gari lenyewe ni Toyota Mark X ya petroli, injini ya V6 ya lita 2.5, giaboksi ya otomatiki ya gia 6, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ndani wamekaa watu wazima watano na buti imejaa mizigo. Wametoka Eldoret asubuhi, wamepita Mau Summit, na sasa wanashuka kutoka Sachangwan kwenda Salgaa, kisha Nakuru.

Mteremko huu hauogopeshi kwa macho, na ubaya wake uko hapo hapo. Hauna kona za kukulazimisha upunguze mwendo. Unashuka kilomita baada ya kilomita, barabara ni pana, lami ni nzuri, na mwendo unaongezeka bila mtu kukanyaga chochote. Jina la Sachangwan liliwakaa Wakenya kichwani tangu tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka kisha likalipuka moto na kuua zaidi ya watu 100. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa, basi na lori ziligongana, kwenye barabara hiihii, watu 36 wakafa. Kila ajali ilikuwa na sababu yake, ila dereva anayepita hapa hushuka na hofu hiyo moyoni, na hofu ina sehemu yake katika yaliyotokea siku hiyo.

Dereva wetu alishuka na D, liva ikiwa pale ambapo giaboksi hujichagulia gia yenyewe. Mguu wake wa kulia uliegemea pedali ya breki karibu wakati wote, si kwa nguvu, kwa kugusa tu. Kompyuta ya giaboksi iliona gari liko mbio na hakuna anayeomba nguvu ya injini, ikaweka gia ya juu kama inavyofanya kwenye tambarare. Kwa hiyo uzito wote wa gari ulibebwa na pedi nne za mbele na nne za nyuma. Baada ya muda, aliyekaa nyuma akauliza harufu ya nini. Pedali nayo ilianza kwenda chini kuliko kawaida. Mshale wa mwendo ulisoma 110.

Hapo akakumbuka aliyofundishwa alipojifunza kuendesha: mteremko hushukwa kwa gia. Akasukuma liva kutoka D kwenda S, pale dereva anapoomba gia mwenyewe, akaanza kuigonga upande wa kutoa, yaani wa kushusha gia. Dashibodi ikaandika 4. Akagonga tena, ikaandika 3, na injini ikapaza sauti. Gari lilianza kushikwa, lakini si kwa kiasi alichotaka. Akagonga mara nyingine. Gari likalia pi-pi, na namba ikabaki 3. Akagonga tena kwa hasira. Pi-pi.

Aliwaambia wenzake kwamba giaboksi imekataa. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, mwendo ukapungua, akatoka nje ya lami na kusimama pembeni, magurudumu ya mbele yakitoa moshi. Walikaa hapo mpaka vyuma vikapoa. Walipofika Nakuru, fundi wa kwanza alisikiliza kisa, akazunguka na gari mitaa miwili mitatu, akasema, "Mzee, valvu bodi imekufa. Hii tutafute giaboksi nyingine."

Valvu bodi ni sehemu ya giaboksi inayoelekeza mafuta kwenye klachi za ndani ili gia zibadilike. Giaboksi hiyo ilikuwa nzima, na nasema hivyo bila kusita. Ilipokataa gia ya pili ilikuwa inafanya kazi iliyoundwa kuifanya. Kinachoniuma si ushauri wa kununua giaboksi isiyohitajika peke yake, ingawa pesa hizo ni nyingi kwa familia yoyote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba dereva aliyeaminishwa kuwa gia zake haziaminiki atashuka Salgaa safari ijayo akitegemea breki tupu, na hiyo ndiyo njia iliyomfikisha kwenye moshi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyokataa. Namba nitazizungusha kidogo ili zishikike. Tairi la 215/60R16 likizunguka mara moja, gari husogea kama mita 2.1. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, gari linakwenda mita 1,833 kila dakika, kwa hiyo gurudumu linazunguka karibu mara 870. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma, kwa gari la namna hii huzidisha mara 4 hivi, na shafti inayotoka kwenye giaboksi inakuwa na mizunguko 3,500 kwa dakika. Shafti hiyo haijali uko gia gani, imefungwa na barabara. Kinachobadilika ni injini iliyo upande wa pili.

Giaboksi za gia 6 za daraja hili zina uwiano, yaani injini huzunguka mara ngapi shafti hiyo ikizunguka mara moja, wa karibu 3.5 kwa gia ya kwanza, 2.06 kwa ya pili, 1.4 kwa ya tatu, 1 kwa ya nne, 0.71 kwa ya tano na 0.58 kwa ya sita. Zidisha na ile 3,500. Gia ya sita inaizungusha injini mara 2,000 kwa dakika, na ndiyo maana kwenye D gari lilikuwa kimya na halishikwi kabisa. Ya nne inatoa 3,500. Ya tatu inatoa 4,900, sauti kubwa lakini salama. Ya pili inatoa 7,200, wakati wekundu wa injini kama hii, yaani mizunguko isiyopaswa kufikiwa, huanza karibu na 6,500. Ya kwanza, kama kungekuwa na namna ya kuiingiza kwa nguvu, ingeidai injini mizunguko zaidi ya 12,000.

Wengi husema injini ina kikomo chake, ikifika wekundu inajizuia. Inajizuia ndiyo, lakini kwa kukata petroli. Njia hiyo hufaa pale petroli ndiyo inayoizungusha injini. Mteremkoni na gia ya chini, petroli imekwisha kukatwa tangu ulipoondoa mguu, na kinachoizungusha injini ni magurudumu. Hakuna cha kukata tena. Injini itazungushwa kadiri barabara inavyotaka, na itavumilia au itavunjika.

Inapovunjika, huvunjika kwa njia zinazojulikana. Springi za valvu hushindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, pistoni inapanda na kuikuta valvu bado iko wazi. Bolti za koni rodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, huvutwa kwa nguvu inayokua kwa mraba wa mizunguko: ukiipeleka injini kutoka 6,500 hadi 12,300, nguvu hiyo inazidi mara tatu na nusu. Ile 7,200 ya gia ya pili pengine isingeipasua injini palepale, na sitaki kutia chumvi. Lakini klachi za ndani ya giaboksi zingelazimika kuivuta injini kutoka 4,900 hadi 7,200 kwa kusuguana, na joto lake hula maisha ya klachi. Kuna pia hatari ya barabarani, ambayo mafundi huisahau kwa sababu haiachi chuma kilichovunjika. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mteremkoni, tena mguu ukiwa kwenye breki, uzito umehamia mbele na nyuma kumekuwa kwepesi. Injini ikiyashika magurudumu ya nyuma ghafla kwenye lami yenye maji, mkia unaweza kuteleza na kutangulia. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, husimamia breki, haina mkono juu ya injini.

Basi giaboksi ilijuaje? Ina sensa inayosoma mwendo wa shafti ya kutokea na nyingine inayosoma upande wa kuingilia, nyuma ya toki konvata, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi. Kompyuta inajua pia joto la mafuta ya giaboksi na jinsi pedali ya mafuta ilivyokanyagwa. Unapogonga liva, hakuna waya wala fimbo inayokwenda kusukuma gia ya pili. Unatuma ombi tu. Kompyuta inachukua mwendo wa shafti, inazidisha na uwiano wa gia unayoiomba, na inalinganisha jibu na kikomo kilichowekwa chini kidogo ya wekundu. Jibu likizidi, solenoidi, yaani valvu ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, hazibadilishiwi umeme, mafuta hayaelekezwi kwenye klachi nyingine, na gari linabaki lilipo. Zile pi-pi mbili ndizo jibu la kompyuta kwa dereva. Vitabu vya Toyota vya magari yenye S au M vinaeleza jambo hili waziwazi: kushusha gia kunaweza kuzuiwa kwa ajili ya usalama na uendeshaji mzuri, na kengele italia mara mbili. Tatizo letu ni kwamba gari lilikuja kutoka Japani, na kitabu chake kama bado kimo kwenye dashibodi basi kimeandikwa Kijapani. Mwenye gari hajawahi kusomewa ukurasa huo, na fundi pia hajawahi.

Ulinzi huu haukuletwa na kompyuta. Otomatiki za zamani, ambazo hazikuwa na hata waya mmoja wa kuamua gia, zilikuwa nao. Kwenye shafti ya kutokea kulikaa gavana, vizito vidogo vinavyotanuka kwa kuzunguka na kufungulia mafuta njia, hivi kwamba gari likiongeza mwendo, presha ya gavana nayo inapanda. Presha hiyo ilizisukuma valvu za gia upande wa gia ya juu. Dereva akivuta liva hadi gia ya chini kabisa, presha nyingine ilitumwa kuzirudisha valvu, lakini kwa mwendo mkubwa gavana alishinda. TorqueFlite ya Chrysler na C6 ya Ford zilifanya hivyo: ukivuta hadi 1 ukiwa mbio, giaboksi inakupa gia ya pili, inaikalia mpaka mwendo ushuke, ndipo inaingia ya kwanza. Mimi hustaajabu kila nikifikiria kwamba hesabu ileile ya leo ilikuwa ikifanywa na springi, upana wa valvu na mafuta mekundu.

Katikati ya zama hizo mbili kuna magari ambayo bado yako mengi barabarani kwetu, Toyota za miaka ya 1990 zenye gia 4 na liva iliyoandikwa D, 2 na L. Hizi zinahitaji tahadhari ya peke yake. Kwenye giaboksi kama A340E, solenoidi mbili za gia zikikosa umeme zote, liva yenyewe ndiyo inayobaki kuamua: D inatoa gia ya nne, 2 inatoa ya tatu, L inatoa ya kwanza. Ulinzi uliokuwa kwenye kompyuta umekwenda pamoja na umeme. Mwenye gari la aina hiyo akiona taa ya O/D OFF (ya kuonyesha kuwa gia ya juu kabisa imefungwa) inawaka na kuzima yenyewe bila kukoma, ajue kompyuta inaripoti hitilafu, na asijaribu kuvuta L akiwa kwenye mwendo wa barabara kuu kwa imani kwamba gari litamkatalia.

Turudi kwa Mark X. Kama giaboksi ilifanya sawa, mbona watu watano walikaribia kupata maafa?

Kwa sababu ulinzi huu unalinda injini na giaboksi. Hauna kazi ya kukusimamisha. Kitabu hichohicho cha Toyota kinataja tabia nyingine mbili za S ambazo dereva wa milimani anapaswa kuzijua kama anavyojua nambari ya gari lake. Ya kwanza: mizunguko ya injini ikikaribia kuzidi, giaboksi inaweza kupanda gia yenyewe. Ya pili: mafuta ya giaboksi yakipata joto kali, inaweza pia kupanda gia yenyewe ili kujiokoa. Sasa fikiria uko mteremkoni, umekalia gia ya tatu, mwendo unaongezeka kwa sababu breki zimechoka, na giaboksi inaamua kwenda ya nne. Injini imeponea na wewe umepoteza mshiko. Hakuna ubaya wa fundi wala wa kiwanda hapo, ndivyo mtambo ulivyopangiwa vipaumbele vyake. Lakini dereva anayeshika liva akidhani ameshika breki ya akiba anajidanganya.

Kosa lilifanyika juu, Sachangwan, kabla ya harufu yoyote. Kwa kilomita 60 kwa saa gia ya pili ya gari hili ni karibu mizunguko 3,900, ya tatu ni kama 2,700. Zote zingekubaliwa bila pi-pi. Angepunguza mwendo pale juu, akagonga mpaka 3, akaona kama injini inalishika gari, na kama haitoshi akagonga 2 akiwa bado kwenye 60 au 70, angeshuka akigusa breki mara mojamoja. Gia ya chini huombwa wakati mwendo ni mdogo. Ukiomba wakati tayari umeshindwa kuuzuia mwendo, hesabu imekwisha kukufungia mlango, na unachohitaji ili mlango ufunguke ni breki zilezile zilizochoka.

Kuhusu kuchoka kwa breki, nalo lina namba zake. Gari hili pamoja na abiria na mizigo lina kama kilo 1,900. Kila likishuka mita 100 za kimo, kuna nishati inayotosha kuchemsha karibu lita 6 za maji, na lazima iende mahali. Kwenye gia ya tatu au ya pili sehemu kubwa inaishia ndani ya injini, pistoni zikivuta hewa kwenye njia iliyofungwa, na joto linatolewa na rejeta kama siku zote. Kwenye D na gia ya sita, karibu yote inaishia kwenye diski na pedi. Pedi zikipita joto lake hupoteza ukali. Mafuta ya breki nayo yana kikomo: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishajaa maji kiwango kinachokubaliwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka, mvuke unajaa kwenye mipira na pedali inazama. Ile pedali iliyoanza kwenda chini kabla ya S kuguswa ilikuwa inasema hilo.

Siwezi kuiandika Salgaa bila kuitaja nyutro. Madereva wa malori wamekuwa wakiteremka hapa wakiwa wametoa gia, wakiamini wanaokoa dizeli, na ugonjwa huo umeingia hata kwa wenye magari madogo ya otomatiki. Kwa injini yoyote ya kisasa inayopulizia mafuta kwa kompyuta, imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Ukiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye pedali, mafuta hukatwa kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Unalipia petroli zaidi ili upate breki kidogo. Na anayezima injini kabisa anajitafutia makubwa zaidi: pampu ya giaboksi huzungushwa na injini, ikisimama mafuta hayafiki kwenye beringi na gia zinazoendelea kuzunguka, na breki hubakiwa na msaada wa mikanyago michache kabla ya pedali kuwa ngumu kama jiwe.

Fundi wa pili aliyelipokea gari alianza pale ambapo wa kwanza alipaswa kuanza. Alichomeka skana na kutafuta kodi zinazoanza na P07, ambazo ni za giaboksi. Hapakuwa na hata moja. Alitazama mafuta ya giaboksi: kiasi sawa, rangi bado nyekundu, hayanuki kuungua. Kisha akatoka na mwenye gari hadi kwenye barabara iliyo wazi na kumwonyesha jambo ambalo lingechukua dakika chache siku ya kwanza. Kwenye 60 akaweka S, akagonga hadi 3, ikakubali. Akagonga 2, ikakubali, injini ikalishika gari. Akaongeza mwendo, akarudi S3, akagonga 2 kwa makusudi: pi-pi. Akapunguza hadi 60, akagonga tena, ikakubali. Valvu bodi iliyokufa haijui kutofautisha 60 na 100. Ingechelewa, ingeteleza kati ya gia na mizunguko kupanda bila gari kwenda, ingepiga kishindo, au ingeganda kwenye gia moja na kuwasha taa. Kukataa kwa mwendo mkubwa na kukubali kwa mwendo mdogo, tena kila mara, ni dalili ya sensa na kompyuta zinazofanya kazi vizuri.

Gari lililala gereji kwa sababu nyingine. Diski za mbele zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa joto, pedi zimekuwa na uso wa kioo, na mafuta ya breki yalitoka meusi. Vyote vilibadilishwa, mipira ikatolewa hewa. Giaboksi haikufunguliwa. Kabla ya kukabidhi ufunguo, fundi alimkalisha mwenye gari kwenye kiti cha dereva na kumfanya aguse liva kwenda S na kurudi D mara kadhaa, kisha akamweleza kwamba ile 3 inayoonekana haisemi gari liko gia ya tatu, inasema lisipande kupita gia ya tatu, na kwamba akipanda tena Eldoret, wakati wa kurudi aiweke namba hiyo pale Sachangwan, mguu wake ukiwa bado haujagusa breki za mteremko.